Je, wajua kwa nini treni ndefu za mizigo huwekewa vichwa katikati?

Tarehe 21 Juni 2001, huko Australia Magharibi, treni moja ya madini ya chuma ilivuta mabehewa 682 kwa vichwa vinane vilivyotawanywa katika msururu wenye urefu wa zaidi ya kilomita saba, huku dereva akiwa mmoja tu. Hapa Tabora, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1912 na kichwa kimezoeleka kukaa mbele, wengi wakisikia habari hiyo husema kwamba bila shaka vichwa vya mbele vilizidiwa nguvu. Jibu hilo halitoshi, kwa maana kama tatizo lingekuwa nguvu peke yake, vichwa vyote vinane vingefungwa mbele.

Kinachozidiwa mapema ni kiungo, yaani chuma kinachoshikanisha behewa na behewa. Chukua madumu kumi ya mawese yaliyofungwa kwa kamba moja nyuma ya jingine, uyaburute: fundo lililo karibu na mkono wako huvuta madumu yote kumi, ilhali la mwisho huvuta dumu moja. Mwenzako akija kuvuta pamoja nawe hapo mbele, fundo la kwanza halipati nafuu yoyote, kwa kuwa madumu nyuma yake ni yale yale kumi. Akienda kushika kamba kati ya dumu la tano na la sita, nguvu zenu hazijaongezeka, lakini fundo lako sasa lina madumu matano tu. Kwenye kona manufaa huwa makubwa zaidi, kwani mvuto mkali kutoka mbele hutaka kuunyoosha msururu, na behewa tupu laweza kung'olewa relini kuelekea upande wa ndani.

Sababu ya pili ni breki za upepo. Dereva hupunguza hewa katika bomba linalopita mabehewa yote, na upungufu huo ndio unaozibana breki; lakini hauwezi kusafiri kuishinda sauti, ambayo huenda karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo katika treni ya kilomita mbili behewa la mwisho husubiri takriban sekunde sita au zaidi, likiyasukuma yaliyokwisha kuanza kusimama. Kichwa cha katikati, kikiamriwa kwa redio, hutoa hewa pale kilipo bila kungoja.

Treni za Tabora ni fupi mno kuhitaji mpango huu. Kwingineko, vichwa vya kusaidia vilikuwa na madereva wake walioelewana kwa honi, hadi Marekani ilipoanza kutumia redio miaka ya 1960.

Mawasiliano yakikatika, tuseme ndani ya handaki, vichwa vya nyuma kwa kawaida huendelea na amri ya mwisho vilivyopokea. Hata hivyo, dereva akifunga breki, vyenyewe huhisi hewa ikishuka bombani na kuacha kuvuta. Inapendeza sana kuona kwamba bomba la upepo, ambalo asili yake ni karne ya 19, ndilo linaloilinda treni pale redio inaposhindwa.