Hasemi ila bei ya dagaa anaijua: dhana potofu kuhusu watu wenye shida ya kuongea

Mjomba wangu kauza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, miaka na miaka, kiharusi kilivyompiga maneno yakakata, na tangu siku hiyo nimesikia mengi yasiyo kweli mpaka nimechoka, leo naomba niyaseme.

Dhana: Haongei, basi na akili imeondoka.

Hapana jamani. Kiharusi kikigusa sehemu ya ubongo inayoshika lugha, kwa wengi ni upande wa kushoto, mtu anapata kitu kinaitwa afasia, na kinawapata kama theluthi moja ya wanaopata kiharusi. Neno analijua ila halitoki, au linatoka lingine kabisa, wengine hata maneno ya haraka haraka yanawapita, lakini mtu ni yuleyule na anayoyajua anayajua. Mjomba "eeh" yake inatoka kwenye ndiyo na kwenye hapana pia, mwanzoni tulikuwa tunabishana naye tukidhani kageuza mawazo kumbe masikini anakataa. Siku hizi binti yake anamwambia "baba nionyeshe", dole gumba juu ndiyo, akipunga mkono hapana, basi yameisha. Mteja akitoa hela pungufu mzee anairudisha palepale, hesabu zake hazijaenda popote. Sasa anakuja mtu anampigia kelele sikioni kama vile hasikii, au anamruka anamuuliza binti "eti baba ako anauzaje?" na mwenyewe kakaa hapo anamtazama. Inauma sana.

Dhana: Kuwafikiria walemavu ni kuweka njia ya kiti cha magurudumu, imetosha.

Hiyo njia inatakiwa, tena sana, ila ukishafika dirishani halafu huwezi kusema unachotaka umefika wapi? Hili ndo Speech Pathology Australia, chama cha wataalamu wa usemi cha huko kilichoanza 1949, wanalipigania, wanasema Waaustralia milioni 1.2 wana shida ya mawasiliano na wanataka benki, hospitali, basi na duka vifikike na kwao. Hukohuko Australia shirika la Scope lilitoa alama maalumu mwaka 2011, sehemu inayohudumia vizuri watu hawa inaibandika, na kilichonifurahisha ni kwamba kwenye ukaguzi wamo wenye shida hiyohiyo ya kuongea. Uingereza nao wakaja na alama yao 2019.

Na wala sio mambo ya hela nyingi. Mhudumu amwangalie mhusika, aulize swali moja moja, asubiri, asimmalizie sentensi, awe na karatasi na kalamu au picha za kuonyesha kwa kidole. Tanzania tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009 na sheria yetu ni ya 2010, na huo mkataba ukitaja mawasiliano unataja mpaka lugha nyepesi, kwa hiyo kumsubiri mtu kwenye foleni ya tiketi sio kumfanyia hisani.

Dhana: Mtoto ukimpa picha za kuonyesha atakuwa mvivu wa kuongea.

Wazazi wengi wanaogopa hili na nawaelewa. Tafiti hazionyeshi picha kuzuia usemi, wapo watoto ambao maneno yanaongezeka baada ya kuanza kuzitumia. Mtoto anayeweza kuonyesha "maji" halii saa nzima mnabahatisha.

Dhana: Kigugumizi ni woga.

Woga unaweza kukizidisha, hauleti kigugumizi. Kinahusiana na ubongo na kurithi, mara nyingi kinaanza kati ya miaka 2 na 5.

Dhana: Mtaalamu wa usemi kazi yake kufundisha kutamka tu.

Anashughulika hata na mtu anayepaliwa chakula baada ya kiharusi, na anaifundisha familia namna ya kuongea na mgonjwa. Kwetu ni wachache mno, ndo maana sisi wengine lazima tujifunze.

Binti wa mjomba kachana boksi, kachora kisado, debe na gunia, pembeni kaandika namba za bei. Juzi mama mmoja wa Sengerema alifika, akamwamkia mzee shikamoo, akachutama mbele yake akaweka kidole kwenye debe. Mjomba akaweka chake kwenye bei. Mama akashuka namba moja chini, mjomba akapunga mkono, mama akacheka akahesabu hela.