Asbesto kwenye nyumba ya zamani: usikimbilie kuing'oa

Kwa miaka mingi watu wameaminishwa kwamba asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye vifaa vya ujenzi, ikigunduliwa nyumbani, ing'olewe siku hiyo hiyo. Sivyo. Hatari yake imo kwenye vumbi. Bati la asbesto lililo zima hushikilia nyuzi zake ndani ya saruji. Ukilipiga nyundo au kulikata kwa msumeno, nyuzi nyembamba kuliko unywele hupaa, zikavutwa hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Saratani inayotokana nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, ndiyo maana fundi haoni madhara siku anapolivunja. Hilo hunisikitisha sana.

Basi likiwa zima, liache, ulikague mara kwa mara. Likianza kumomonyoka, au ukitaka kukarabati, ita wataalamu wenye kibali. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizo. Vipande vilivyoanguka usivifagie, maana ufagio ndio unaorusha vumbi. Asbesto iliyozungushiwa mabomba ya maji moto ni ya kuogopwa zaidi: hupukutika kwa kuguswa tu. Na kwa macho huwezi kuitambua kwa uhakika. Kipimo cha maabara ndicho huamua.