Kwa nini kuna vidonge vya saratani visivyonyonyoa nywele?

Jirani yetu hapa Majengo, Mombasa, ana saratani ya damu. Kila siku, akishakula, humeza dawa yake kwa glasi kubwa ya maji, kisha huyo kwenye shughuli zake. Ramadhani, kwa idhini ya daktari wake, huimeza baada ya futari. Nywele anazo zote, na wapo wanaomwuliza kama kweli anaumwa. Swali hilo linamchoma bure, maana jibu limo ndani ya dawa yenyewe, iitwayo imatinibu.

Seli haijigawi kwa kujiamulia. Husubiri ishara, na ishara hiyo hupokezanwa protini kwa protini mpaka ifike kwenye kiini. Ni kama makanga wa matatu ya Kongowea: akigonga bodi, dereva anaondoa gari. Katika saratani hii, lukemia sugu ya mailoidi, kromosomu ya 9 na ya 22, yaani nyuzi zinazobeba jeni (maagizo ya seli), hubadilishana vipande. Jeni mbili zilizokuwa mbalimbali huungana, na protini inayotokana nazo hugonga bodi usiku na mchana. Seli nyeupe za damu hufurika.

Kemotherapi ya kawaida huzipiga seli zote zinazojigawa upesi, zikiwemo za mashina ya nywele. Imatinibu hukaa kwenye upenyo ambamo protini hiyo mbovu huchukulia nishati, ikaziba. Ishara inakatika. Haikosi madhara: macho huvimba, misuli hukaza, kichefuchefu nacho. Lakini tangu iidhinishwe Marekani mwaka 2001 imebadili mengi. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa, takriban asilimia 83 ya walioanza nayo walikuwa hai baada ya miaka 10.

Usimwazime mgonjwa mwingine dawa hii, hata kwa huruma. Kila saratani na ishara yake iliyoharibika. Trastuzumabu, kwa mfano, dawa ya saratani ya matiti, hulenga protini ya HER2, ambayo huzidi katika takriban saratani 1 kati ya 5 za matiti. Kwa zile nyingine kwa kawaida haitumiki. Ndiyo maana kipimo hutangulia dawa.

Kuruka dozi nako ni hatari. Seli huweza kubadili umbo la ule upenyo, dawa isishike tena, na daktari akalazimika kutafuta nyingine. Juisi ya balungi pia iachwe, kwani hupandisha kiwango cha imatinibu kwenye damu.