Kadi ya picha ikifika kikomo cha umeme haijaharibika

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Kigoma: kadi ya picha (GPU, sehemu ya kompyuta inayochora picha za kwenye skrini) ikionyesha imefika kikomo cha umeme, eti umeme wa mtaani ni hafifu, ununue stabilaiza au pawasaplai kubwa (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta). Si kweli.

Kikomo hicho huwekwa na mtengenezaji ndani ya programu ya kadi yenyewe. Kadi ya NVIDIA RTX 3060, kwa mfano, kwa kawaida hupewa wati 170. Kadi hupima umeme inaotumia. Ikikaribia kiwango hicho hupunguza kasi na volti kidogo. Mchezo mzito au kutengeneza video huifikisha hapo, na ndivyo ilivyokusudiwa. Pawasaplai ya wati 1000 haiongezi hata wati moja.

Hakiki mwenyewe, kama kadi yako ni ya NVIDIA. Fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi ya picha, sehemu ya Sensors, endesha mchezo, kisha tazama PerfCap Reason. Ukiona Pwr, kadi imefika kikomo chake. Thrm ni joto, hapo safisha vumbi na angalia feni. Pia amri nvidia-smi -q -d POWER huonyesha kikomo kwa wati.

Mkanganyiko unaeleweka: Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na umeme kuyumba si jambo geni. Lakini pawasaplai iliyozidiwa huonyesha dalili nyingine: kompyuta huzima au kujiwasha upya ghafla mchezo ukikolea.

Tafadhali, ndugu, msiusambaze ujumbe huo. Watu wanapoteza fedha kwa vifaa wasivyovihitaji. Stabilaiza ina kazi yake, ila si hii.