Uchomaji wa mapema ni nini?

Uchomaji wa mapema ni kuwasha moto porini kwa makusudi mwanzoni mwa kiangazi, takriban Mei hadi Julai, nyasi zikiwa zimeanza kukauka lakini bado zina ubichi. Hufanyika katika misitu ya miombo, yaani misitu ya nchi kavu yenye miti iliyoachana na nyasi chini yake, ikiwemo ya Hifadhi ya Katavi, magharibi mwa Tanzania.

Moto wa miezi hiyo hutambaa chini, huruka penye unyevu, na mara nyingi umande wa usiku huuzima. Nyuma yake hubaki mabaka yaliyoungua na mengine mazima, kwa hiyo moto mkubwa ukija baadaye hukosa cha kula. Wa Septemba na Oktoba ni mwingine kabisa. Nyasi zimekauka, upepo unavuma, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba miti mingi ya miombo huchipua kabla ya mvua kuanza. Moto mkali hukuta majani machanga. Mti ukiunguzwa hivyo mwaka baada ya mwaka hudhoofika, miche hufa, nyasi zikachukua nafasi.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1933 huko Ndola, katika Zambia ya leo, viwanja vya miombo vilitengwa: vingine vichomwe mapema, vingine mwishoni mwa kiangazi, vingine visiguswe na moto. Miaka ilivyopita, vilivyochomwa mwishoni vilipoteza miti na kujaa nyasi. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Visivyochomwa viligeuka msitu mzito. Kwangu mimi, hapo ndipo fundisho la zamani la kuzuia kila moto linaposhindwa: miombo yenyewe imezoea kuungua, ila inaumizwa na majira mabaya.

Mfano wa mazoea hayo ni mninga, mti wa miombo. Mche wake hunyauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, mzizi ukinenepa ardhini, hadi siku unapopata nguvu ya kurefuka. Penye kivuli kizito haustawi.

Lakini usichukue haya ukayapeleka kwenye milima ya Usambara au Uluguru. Misitu ile yenye unyevu haikuzoea moto, na ukiingia huua.

Hata kwenye miombo, Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuwasha. Kibali kikichelewa hadi Septemba, ni heri kijiji kiache kuchoma mwaka huo.