Rovu, chumvi na samaki wa ziwani: maswali kuhusu tezi na homoni

Homoni ni nini hasa?

Ni kemikali ambazo tezi humwaga moja kwa moja kwenye damu, nayo damu huzifikisha kwenye kiungo kinachohusika. Ni chache mno, lakini ndizo zinazopanga mtoto arefuke, hedhi ije lini, sukari ipande au ishuke. Tazama kongosho. Ukimaliza sahani ya ugali na sato, sukari hupanda katika damu. Kongosho hutoa insulini, seli huichukua sukari na ini huweka akiba. Ukishinda na njaa, kongosho hilohilo hutoa glukagoni, na ini huirudisha akiba kwenye damu.

Kwa nini mtu huvimba shingo?

Mbele ya shingo, chini ya koo, ipo tezi ya thairoidi yenye umbo la kipepeo. Homoni zake huamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, na haziwezi kutengenezwa bila iodini, yale tunayoyaita madini joto. Msimamizi wa thairoidi ni tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere. Homoni za thairoidi zikipungua katika damu, pituitari hutuma homoni iitwayo TSH kuihimiza ifanye kazi. Zikitosha, hupunguza kuihimiza. Sasa madini joto yakikosekana, himizo halikomi usiku na mchana, na thairoidi hutanuka ikijaribu kunasa kila chembe ya iodini inayopita. Hilo ndilo rovu, au goita. Zipo sababu nyingine pia, lakini kurogwa hakumo, na inauma kuona mama akizungushwa kwa waganga miaka mizima wakati shingo inazidi kukua.

Sisi wa Mwanza tunakula samaki kila siku. Madini joto tutayakosaje?

Samaki wanaosifiwa kwa iodini ni wa baharini. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana iodini nyingi kama bahari. Sangara, sato na dagaa wa soko letu la Mwaloni Kirumba ni chakula bora, ila kwa madini joto msiwategemee.

Kisha kuna ugali wa muhogo, hasa kwa ndugu zetu wa Ukerewe. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na mwili unapoiondoa sumu hiyo hubaki kitu kinachoizuia thairoidi kuchukua iodini. Kwa hiyo usifupishe kazi ya udaga, ule muhogo mkavu wa kusaga unga: uvundike vizuri, uanike ukauke kabisa.

Kinga yetu kubwa ni chumvi yenye madini joto. Soma pakiti kabla ya kununua. Ile ya kupimiwa kwa kikombe huwezi kujua kilichomo. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jua na moto, na uitie chakula kikikaribia kuiva, maana iodini hupotea kwa joto.

Nina presha, nimeambiwa nipunguze chumvi. Nifanyeje?

Punguza kweli. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye dagaa wa chumvi. Lakini hiyo kidogo iwe na madini joto.

Nani aangaliwe zaidi?

Mjamzito. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku. Yeye huhitaji 250, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni hujengwa kwa msaada wa homoni hizi. Upungufu mkubwa humwachia mtoto ulemavu wa akili usiorekebishika. Hili aambiwe na mama mkwe pia, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayenunua chumvi ya nyumba.

Niende hospitali lini?

Ukiona uvimbe shingoni, hata usiouma. Au ukihisi baridi wenzako wakiona joto, uchovu usioisha, choo kigumu, unene usioeleweka. Au kinyume chake: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku unakula. Omba kipimo cha damu cha TSH. Thairoidi ikiwa imelegea, daktari huandika vidonge vya thairoksini, vinavyomezwa asubuhi kabla ya kula. Ukipata nafuu, usiviache bila kumuuliza daktari.