Friji Mpya Ikikataa Kugandisha: Wa Kwanza Kuwajibika Ni Aliyekuuzia

Chini kabisa ya stakabadhi nyingi za maduka ya vifaa vya umeme jijini Nairobi, kuanzia Luthuli Avenue hadi Eastleigh, huwa kumechapishwa au kupigwa muhuri wa maneno yanayosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi wala pesa hazirejeshwi. Maneno hayo yamewanyamazisha wateja wengi. Katika meza yetu ya malalamiko hatukosi mtu anayekuja akiwa tayari ameamua kwamba hana haki yoyote, na anachotaka ni kuelekezwa tu kwa fundi mwaminifu wa kumtengenezea mashine ambayo haijamaliza hata wiki mbili nyumbani.

Maneno yale hayana nguvu ambayo watu huyapa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo kikamilifu, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa, nambari 46 ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, inamhesabu kila muuzaji kuwa ametoa ahadi kwamba anachouza kina ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakuitamka ahadi hiyo wala kuiandika popote. Sheria hiyo inakwenda mbele zaidi na kutamka kwamba sharti lolote la mkataba linalojaribu kuifuta au kuipunguza ahadi hiyo ni batili. Kwa hiyo friji ni lazima ipoze, mashine ya kufua ni lazima ikamue nguo, na muhuri wa dukani hauwezi kubadilisha hayo.

Muhuri huo si upuuzi mtupu, hata hivyo. Ukinunua mikrowevu nyeupe, kisha ukaona nyeusi ingependeza zaidi jikoni, hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka kukubadilishia. Akikubali, hiyo ni hisani yake. Vilevile, kama ulikikagua kifaa kabla ya kulipa, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua, kama vile mlango uliobonyea au kioo chenye mkwaruzo. Huko kuwashiwa televisheni kwa dakika tatu kaunta, jambo ambalo wauzaji wa mjini hulifanya kwa madaha, kunathibitisha kwamba ina picha na sauti. Hakuthibitishi kwamba haitazima yenyewe ikishapata joto.

Kosa tunalokutana nalo mara nyingi zaidi ni la kuchanganya dhamana na haki. Ile kadi ya dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita, ni ahadi ya ziada ambayo mtengenezaji au wakala wake ameamua kuitoa kwa masharti yake mwenyewe. Inafaa, na ihifadhiwe, lakini isomwe kwa makini: friji inayotangazwa kuwa na dhamana ya miaka 10 mara nyingi huwa na dhamana hiyo kwa kompresa pekee, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, huku sehemu nyingine zikiwa na mwaka mmoja, na gharama za ufundi au za kujaza gesi zikiachiwa mteja. Haki inayotokana na mauzo yenyewe ni kitu tofauti. Hiyo ipo hata kama kadi haikupigwa muhuri, hata kama ilipotea, hata kama duka linasema halitoi dhamana, na inamwelekea yule aliyepokea pesa zako. Muuzaji anapokuambia upeleke friji kwa wakala huko Barabara ya Mombasa, anakuonyesha njia moja tu inayompunguzia yeye kazi. Hajajitoa kwenye wajibu.

Suala la muda ndilo linalowaponza wengi, na ndipo ningeomba msomaji atulie. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi huhesabiwa kuwa ameipokea na kuiridhia bidhaa anapokaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Haitaji idadi ya siku. Muda wa kutosha kwa birika la umeme, ambalo hujulikana zima au bovu siku hiyo hiyo, hauwezi kuwa sawa na muda wa kutosha kwa mashine ya kufua yenye programu 15. Ukisharidhia, hupotezi kila kitu, kwa maana bado unaweza kudai fidia au kupunguziwa bei kwa sababu ya kasoro. Lakini nafasi ya kusema “chukueni kifaa chenu, nipeni pesa zangu” huwa imefifia sana. Ndiyo maana anayevumilia friji mbovu miezi mitatu kwa kuona haya kulalamika hufika kwetu akiwa na kesi dhaifu kuliko jirani yake aliyelalamika siku ya tatu. Sheria pia inakupa nafasi ya kukikagua kifaa ambacho hukukikagua kabla, hivyo boksi likifungwa dukani na kufunguliwa nyumbani, saa yako haijaanza kuhesabika hadi upate nafasi hiyo.

Basi kifungue na ukijaribu mapema, lakini kwa njia sahihi. Friji nyingi hutoka mjini zikiwa zimelazwa nyuma ya pikapu au, Mungu atusamehe, zimefungwa kwa kamba juu ya bodaboda. Kompresa ina mafuta ndani yake; friji ikilazwa, mafuta hayo hutiririka kuingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha papo hapo kompresa inaweza kuzunguka bila mafuta ya kutosha na kuharibika. Isimamishe na uiache kwa saa kadhaa kama kijitabu chake kinavyoelekeza, ikiwezekana usiku kucha, kabla ya kuichomeka. Mpe mwenye pikapu nafasi ya kuibeba ikiwa wima, au piga picha ya jinsi ilivyopakiwa kama ni duka lenyewe lililoisafirisha, kwa kuwa swali la nani aliibeba vibaya halikosi kuulizwa baadaye.

Kasoro ikijitokeza, acha kukitumia kifaa na umwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Simu haitoshi, kwa sababu maneno ya simu huyeyuka. Ujumbe wa WhatsApp au SMS unatosha kwa kuanzia, na hauhitaji Kiswahili cha mahakamani. Mfano wake ni huu:

“Habari za asubuhi. Jumamosi nilinunua dukani kwenu friji ya lita 198 kwa shilingi 38,500, nikalipa kwa M-Pesa. Niliiwasha Jumapili saa nne asubuhi, na hadi leo Jumanne sehemu ya chini haipoi. Maji niliyoweka jana usiku bado ni vuguvugu. Naikataa friji hii kwa kuwa ina hitilafu. Naomba mniletee nyingine nzima au mnirejeshee pesa kufikia Ijumaa. Picha ya stakabadhi na video nimezituma. Sijaitumia tena, na mnaweza kuja kuichukua.”

Sentensi ya mwisho haikuwekwa hapo kwa adabu tu. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi aliyeikataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha dukani, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo; inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Wengi hulipia pikapu ya pili kutoka Kayole hadi mjini bila kujua hilo, na mara nyingine hulipia hata ya tatu.

Stakabadhi nayo ipigwe picha siku ile ile ya ununuzi. Karatasi nyingi za mashine za kisasa huchapishwa kwa joto, wala si kwa wino, na maandishi yake hufifia hadi karatasi kubaki nyeupe. Hifadhi pia ujumbe wa M-Pesa, boksi, tangazo lililokuvutia, na picha ya nambari ya kifaa iliyobandikwa nyuma au ndani ya mlango. Kama boksi linasema lita 198 na kifaa kina uwezo mdogo kuliko huo, hapo kuna kasoro nyingine kabisa, ya bidhaa kutolingana na maelezo yake, nayo haihitaji kifaa kiwe kibovu.

Jiandae kusikia kwamba tatizo ni stima ya nyumbani kwako. Wakati mwingine ni kweli, maana umeme wetu wa volti 240 hupanda na kushuka, na kifaa kisichowekewa kinga kinaweza kuungua. Lakini mahakamani anayedai jambo ndiye anayepaswa kulithibitisha. Muuzaji akishikilia kwamba umeme ndio uliounguza, mwombe ripoti ya fundi yenye tarehe, sahihi na maelezo ya sehemu iliyoungua. Usimruhusu fundi wa mtaani kukifungua kabla ya ripoti hiyo, hata awe hodari namna gani. Akikata kile kibandiko cha mtengenezaji kwenye skrubu, utakuwa umempa muuzaji hoja ambayo hakuwa nayo.

Kuhusu kutengenezewa, maoni yangu ni kwamba kukubali mara moja ni uungwana, mradi umeandika kwamba unakubali bila kuacha haki yako ya kukikataa kifaa kisipopona. Kukubali mara ya tatu kwa kasoro ile ile ni kujidhulumu.

Vifaa vya mitumba kutoka ng’ambo navyo vinalindwa, ila ubora wake hupimwa kwa kuzingatia umri, bei na kile ulichoambiwa wakati wa kununua. Anayenunua kwa mkopo wa kulipa polepole asiache kulipa kwa hasira kabla ya kupata ushauri, kwani deni linaweza kuendelea kuhesabika huku mgogoro wa kifaa ukisubiri. Ununuzi wa mtandaoni una masharti yake katika sheria ya 2012, likiwemo la muuzaji kutoa maelezo kamili kabla ya mkataba. Tatizo kubwa huko ni muuzaji asiyejulikana alipo.

Pasi inayopiga shoti au jiko la gesi linalovuja ni jambo la usalama, na halisubiri mazungumzo na duka. Chomoa kifaa hicho au funga gesi, kiweke kando, na utoe taarifa kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lililoko Popo Road, South C. Unaweza pia kukagua alama ya ubora kabla ya kununua kwa kutuma kwa SMS herufi SM, alama ya reli (#) na nambari ya kibali kwenda 20023, kisha ulinganishe jina la bidhaa kwenye jibu na lile lililo kwenye boksi. Ukishuku kwamba jina la kampuni maarufu limeghushiwa, hilo ni la Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Muuzaji aliyekudanganya kuhusu ubora au dhamana anaweza kushtakiwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayotekeleza Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Mamlaka hiyo huchunguza mwenendo wa muuzaji. Haigeuki kuwa wakili wako.

Muuzaji akinyamaza hata baada ya barua ya madai, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na sheria inataka shauri likamilike ndani ya siku 60 tangu lilipowasilishwa. Kwa friji ya shilingi 38,500 hiyo ndiyo njia yenye maana.

Kabla ya kufika huko, hakikisha unajua unayemshtaki. Duka linaweza kuwa na jina moja kwenye bango, lingine kwenye stakabadhi, na la tatu kwenye ujumbe wa M-Pesa baada ya kulipia kwa Till, ile nambari ya duka ya kupokelea malipo. Bango halishtakiwi. Andika majina yote matatu, kisha utafute kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, katika huduma za usajili wa biashara, ili uone ni lipi lililosajiliwa na mwenyewe ni nani. Ulipolipia nambari ya mtu binafsi badala ya Till, weka jina lililotokea kwenye ujumbe huo pamoja na jina la duka katika hati ya madai, kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea pesa na anapaswa kueleza alizipokea kwa niaba ya nani.